Jembe la Posa na Vitabu Vitano vya Joka

Kwetu, upande wa Issuna, jembe la posa halinyeshewi mvua. Mshenga hulipeleka likiwa jipya, halijatiwa mpini, akaliegemeza nje kwenye ukuta wa kina binti, akazungumza habari za ng'ombe na malisho, akaondoka. Mama wa binti akiliingiza ndani, posa imepokelewa. Asipoliingiza, hubaki pale pale, na kila apitaye njiani huliona na kujua kwamba kuna kijana mahali fulani hali chakula akashiba. Mvua ya kwanza ikilikuta nje, mambo yamekwisha. Mshenga huja kulichukua bila kuulizwa, na kijana yule hapeleki tena jembe katika ua ule.

Langu lilikaa nje tangu majira ya kupura uwele mpaka mawingu ya Novemba, kuku wakalifanya pa kulalia, na sababu ilikuwa vitabu.

Mimi ni mtu wa haya. Nilimaliza darasa la saba bila kunyoosha mkono hata siku moja, si kwa kukosa majibu, ila kwa kuogopa kwamba nikijibu vizuri nitaulizwa tena. Nasoma polepole na kuandika polepole zaidi. Kuyaandika haya kumenichukua kiangazi kizima. Sikuchaguliwa kwenda sekondari, nikarudi nyumbani kwenye mbuzi wa baba, na kwa kweli mbuzi hawakuniuliza chochote.

Miaka ile kila kijiji kilikuwa na kisomo cha watu wazima. Asubuhi watu walikuwa shamba la kijiji, na jua likianza kupoa walikaa kwenye baraza la ghala wakijifunza kusoma. Mwalimu wa shule alikuwa mmoja na kazi zake nyingi, kwa hiyo aliwakusanya vijana waliomaliza darasa la saba achague wa kumsaidia. Aliponifikia mimi nilitazama chini. Alidhani ni adabu, akanichagua.

Wanafunzi wangu walikuwa mama zangu, shangazi zangu, na wazee watatu hivi waliokaa pembeni wakijifanya wamepita tu. Kabla ya kufundisha ilinibidi niwaamkie wote mmoja mmoja, na kila mmoja alitaka kujua wa nyumbani hawajambo. Wanawake walikuja na vikapu vyao vya kusuka. Mikono ilisuka, macho yalikuwa ubaoni. Walipofika mahali pa kusoma sentensi nzima bila kusaidiwa, likaletwa sanduku la vitabu kutoka mjini Singida. Juu kulikuwa na kitabu cha kilimo bora, cha uji wa mtoto, na cha ufugaji wa kuku. Chini yake kulikuwa na vitabu vitano vinene vyenye majalada magumu, vyote habari moja, vilivyotafsiriwa kwa Kiswahili kutoka lugha ya nchi moja ya baridi. Nani aliviweka humo, hatukujua. Mwalimu alifungua kimoja, akaona ramani ya nchi isiyokuwapo duniani, akakifunga. "Hivi mtavisoma mkimaliza vya kuku," alisema.

Vya kuku tulivimaliza upesi, maana kila aliyekuwapo alikuwa amefuga kuku kabla ya kitabu.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kuna nchi ambayo maji yake yote hutoka katika chemchemi moja iliyo pangoni, na juu ya chemchemi hiyo amelala joka, jike, zee, lenye mabawa. Maji yamepungua. Mfalme anatuma mashujaa wakaliue, mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho ni kijana fundi wa kufuli asiye na baba wala mama. Kijana huyo anatembea vitabu vinne kabla hajafika.

Kazi yangu ikawa kusoma kwa sauti. Hapo niligundua jambo ambalo sikuwa nimeambiwa na mtu: kitabu kinene kinaficha uso mzima. Nyuma yake niliweza kunguruma kama joka, kulia kama malkia, kutukana kama askari, mambo ambayo bila kitabu nisingeyathubutu hata nikiwa peke yangu porini. Na kwa kuwa nasoma polepole, hakuna aliyeachwa nyuma.

Kitabu cha kwanza kilinishika mimi mwenyewe. Nilikuwa nikichunga, nikitazama yale mawe makubwa ya kwetu yaliyolaliana vilimani, nayaona ni migongo ya majoka yaliyopumzika. Wakati huo mbuzi walikuwa wameshaingia shamba la mtu. Baba alinichapa kwa ajili ya joka ambalo yeye hakuwahi kulisikia.

Darasa nalo lilikuwa na maoni yake. Theluji haikutusumbua sana. Niliwaambia ni maji yaliyoganda yanayoanguka kama pumba. "Na huko juu wanapepeta nini?" akauliza mmoja, tukaendelea. Kisha tukafika kwenye mji unaotembea. Watu wa mji ule huamka asubuhi wakaukuta umehamia bonde jingine, nyumba, visima na vyote. Mwandishi alitaka tushangae. Ilionekana kwa jinsi alivyoupamba ukurasa ule. Darasa halikushangaa.

"Waliletewa malori?" akauliza shangazi mmoja.

Watu wakacheka mpaka vikapu vikabiringika, kwa sababu hata ghala tulilokalia baraza lake halikuwa na umri wa mtoto wa kuachishwa ziwa, na kila mmoja pale alikuwa na mahame yake aliyoyaacha huko porini tulipohamishiwa kijijini.

"Angalau wenzetu walihamia na visima vyao," akasema mwingine, na mzee mmoja akakohoa, maana mwenyekiti wa kijiji alikuwa anapita.

Lakini mtu mmoja alipogeuka mbwamwitu hakuna aliyecheka. Huku kwetu habari ya mtu kugeuka mnyama haichezewi. Yule mzee aliniomba kwa upole niruke ukurasa huo, na mama wawili wakakumbuka kwamba wameacha chungu motoni.

Kosa kubwa la vitabu vile, darasa lilikubaliana, lilikuwa shambani. Mfalme ana askari wasiohesabika, wanakula mikate na nyama kutoka ukurasa hadi ukurasa, na katika habari nzima hakuna mtu hata mmoja anayepalilia. "Hao wanaishi kwa nini?" waliniuliza, kana kwamba mimi ndiye bwana shamba wao. Nilijitetea kwamba labda wakulima wapo nyuma ya milima. "Basi hao ndio waandikiwe kitabu," wakasema.

Mwenyekiti wa darasa alikuwa mama mmoja mrefu, mchache wa maneno, aliyekuja wa kwanza na kukaa karibu nami kuliko wote. Sanduku la vitabu lilikaa kwake, maana ghalani kulikuwa na mchwa. Yeye alikuwa amejua kusoma kabla ya wenzake, ila hakutaka kujisomea. "Nikisoma mwenyewe naona herufi," alisema. "Akisoma huyu naona watu." Na tangu mwanzo alikuwa upande wa joka. Shujaa wa kwanza alipolifikia pangoni, alinisimamisha.

"Ameingia kwa mtu mzima?"

"Ndiyo, mama."

"Amebisha hodi?"

Nikautazama ukurasa. "Hapana."

"Ameamkia?"

"Amechomoa upanga."

"Basi na aungue."

Na kweli aliungua, katika mstari uliofuata. Tangu siku ile joka halikuitwa tena joka. Darasa zima lilimwita Yule Mama, na shujaa yeyote aliyeanza safari aliulizwa kwanza kama nyumbani kwao walimfundisha salamu.

Mama huyu alikuwa na binti. Alikuwa wa umri wangu, naye alimaliza darasa la saba, ila yeye alisoma kama anayefukuza mbwa, mbio na kwa sauti moja, ndiyo maana mama yake hakutaka amsomee. Alikuja jioni kumchukua mama yake, akasimama nyuma ya watu akisikiliza, na siku moja nilipokuwa nafunga kitabu akanipita karibu.

"Mwalimu, joka lako leo lilikuwa na mafua."

Nilikuwa na jibu zuri kesho yake asubuhi, nikiwa na mbuzi. Ikawa hivyo kwa muda: yeye ananitania jioni, mimi namjibu asubuhi mbele ya mbuzi. Mwishowe alichoka. Alinikuta kisimani, akatua ndoo, akanitazama.

"Unaleta jembe, au mpaka nije nalo mimi kwenu?"

Nikamwambia baba mdogo, kwa maneno machache kadiri nilivyoweza, naye akawa mshenga wangu. Baba wa binti hakuwa na neno. Walizungumza ng'ombe, wakaelewana siku ile ile, akamaliza kwa kusema, "Mimi nimeridhika. Jembe lakini huingizwa na mwenye mlango." Mwenye mlango alikuwa mama. Baba mdogo akaliegemeza jembe ukutani, akarudi anapiga mluzi.

Jembe halikuingizwa kesho yake, wala wiki ile. Baba mdogo akarudi kuuliza, kama inavyoruhusiwa, na safari hii hakupiga mluzi.

"Ana neno juu yangu?" niliuliza.

"Hana. Anasema wewe ni kijana mzuri, una adabu, na ngurumo yako inamfurahisha. Ngurumo gani?"

"Ya joka."

"Sawa. Anasema jembe ameliona. Anasema vimebaki vitabu viwili na nusu."

Nikaelewa. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakai mahali pamoja. Hamtazami usoni, hali mbele yake, hatamki jina lake, na wakikutana njiani mmoja huchepuka akaingia vichakani mpaka mwenzake apite. Heshima hiyo huanza siku jembe linapoingia ndani. Siku hiyo mimi nisingeweza tena kukaa mbele yake na kunguruma, wala yeye asingeweza kukaa barazani mahali nilipo mimi. Angekuwa amepata mkwe na kumkosa Yule Mama pangoni, katikati ya kitabu cha tatu, wakati yule fundi wa kufuli na wenzake ndiyo kwanza wanafika mtoni.

"Mwambie nitamaliza upesi," nilimwambia baba mdogo.

"Maliza upesi kweli," alisema. "Mvua ya kwanza nitalichukua. Ni jembe zuri, nitalilimia mwenyewe."

Hapo ndipo mimi na vitabu vile tulipoanza kukosana. Yote niliyoyapenda katika kitabu cha kwanza yakawa adui zangu katika cha tatu. Mwandishi hakuweza kuona mlima akaupita. Lazima aueleze kwa upande wa jua, kisha kwa upande wa kivuli, kisha ataje nani alifia pale zamani. Watu wakiketi kula, tulihesabiwa sahani. Fundi wa kufuli alikuwa na tabia ya kusimama kila njia panda akakumbuka maneno ya mzee aliyemlea, na mzee huyo alikuwa na maneno mengi. Nilikuwa nikilala nikimsihi moyoni: tembea, ndugu yangu, kuna mtu huku anataka kuoa.

Nikaanza kuruka. Kwanza mlima mmoja, nikaona hakuna aliyegutuka. Kisha karamu nzima. Kisha wimbo wa beti nyingi ambao hata walioimba walikuwa wanasinzia. Siku hiyo nilijiona nimeokoa wiki. Nilikuwa nasoma, "Wakashika njia ya kaskazini," nikasikia kikapu kimewekwa chini.

"Rudi," akasema mama.

"Mama?"

"Jana walikuwa ng'ambo hii ya mto na mto umefurika. Leo wako njia ya kaskazini na viatu vikavu. Wamevuka na nini?"

Nilijificha nyuma ya kitabu.

"Labda maji yalipungua," nikasema.

"Yalipungua yakiwa yameandikwa au yamepunguzwa na wewe?"

Mmoja akaanza kucheka, kisha wote. Binti alikuwa amesimama nyuma yao, kiganja mdomoni, mabega yanatikisika. Nikarudi mtoni. Walivuka kwa kamba, taratibu sana, mtu mmoja mmoja, na kila mtu alieleza anavyojisikia. Tangu siku ile kila nilipogeuza karatasi, mama alitega sikio. Aliweza kujua kwa mlio kama nimegeuza moja au mbili.

Lazima niseme haki: kitabu cha nne kilikuwa kizuri. Nilikichukia kwa sababu ya jembe, lakini kilikuwa kizuri. Humo joka linazungumza kwa mara ya kwanza, usiku, peke yake, linahesabu wote waliolijia na linasema hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini limelala pale. Niliposoma ukurasa ule sikufanya ngurumo. Nilishindwa. Niliusoma kwa sauti yangu ya kawaida, ile ndogo, na hakuna aliyesuka. Mama aliniambia niusome tena, nikausoma tena, na nikasahau kabisa kwamba nina haraka.

Nilikumbuka nilipotoka. Upepo ulikuwa umegeuka. Vumbi lilikuwa linanukia vile linavyonukia kabla ya mvua, na upande wa mashariki mawingu yalikuwa yamejipanga meusi kama ng'ombe wanaorudi zizini. Watu walikuwa wameshaanza kusafisha mashamba, darasani wanakuja nusu. Kitabu cha nne kilikuwa kimebakiza kurasa chache, cha tano kilikuwa hakijafunguliwa, na kilikuwa kinene kuliko vyote. Baba mdogo alikutana nami njiani, akatazama juu, akatazama mkono wake kana kwamba tayari ameshika mpini.

Tulipomaliza cha nne nilibeba sanduku kulirudisha kwa mama, kama kawaida. Yeye alikaa uani akichambua mbegu za uwele, binti yake anamsaidia. Jembe langu lilikuwa ukutani, limetapakaa mavi ya kuku. Nilisalimu, nikaweka sanduku mlangoni, na nilikuwa nageuka kuondoka nikamsikia binti akisema, kwa sauti ya mtu anayeuliza chumvi iko wapi:

"Mama, anakufa."

"Nani?"

"Yule Mama. Mwishoni anakufa."

Mikono ya mama ikasimama juu ya ungo. "Nani kakuambia?"

"Nimesoma. Kitabu si kiko ndani humu kwetu? Wewe ukienda shamba, mimi nasoma."

"Unasema uongo."

"Haya. Basi subiri usikie mwenyewe." Akaendelea kuchambua.

Mama akachambua kidogo, akaacha. "Anakufaje?"

"Niseme?"

"Usiseme." Akapepeta mara moja, akatua ungo. "Sema."

"Akiwa amelala. Yule fundi wa kufuli anaingia bila hodi, anamchoma hapa." Akajionyesha chini ya kwapa. "Hata hakuamka, mama. Hata jina hakumuuliza. Wakanywa maji, wakapiga ngoma."

Mimi nilikuwa nimesimama palepale, sijui niondoke au nibaki. Sikuwa nimekifungua kitabu cha tano, lakini niliamini. Niliona jinsi walivyokuwa watu wa nchi ile, niliona ndivyo watakavyofanya. Na nilimwona mama akitazama mbali, kule mawingu yalikotoka, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba wa nyumba anayoijua.

"Baada ya kutembea kote kule," akasema. "Watu wale hawakufundishwa."

Akainuka. Alikwenda ukutani, akamfukuza jogoo, akaokota jani kavu na kulipangusa jembe pande zote mbili bila haraka. Akaliingiza ndani. Tulisikia likiwekwa chini. Kisha sauti yake ikatoka gizani, na kwa mara ya kwanza haikuniita mwalimu.

"Huyo aliyesimama hapo aondoke uani kwangu. Ni mkwe."

Nilikimbia. Njiani nilianguka mara moja, kwa furaha au kwa kokoto, sikumbuki. Na mvua ya mwaka ule, niseme ukweli, ilichelewa. Mawingu yale yalipita yakaenda kunyesha Kintinku huko, na kwetu tulikaa tukitazama juu mpaka wazee wakaanza kuulizana. Muda uliokuwapo ungetosha kusoma kitabu cha tano na kukirudia.

Tulioana baada ya mavuno yaliyofuata. Ng'ombe walikwenda, pombe ya mtama ikanywewa, na baba alinipa sehemu ya kujenga kibanda changu. Darasa lilikuwa limesimama msimu wa kulima ulipoanza na halikuanza tena upesi, kwa sababu bila mwenyekiti wake hakuna aliyejua walikoishia. Mama mkwe wangu alikaa kwake, mimi kwangu. Tulipokutana njiani mimi ndiye niliyeingia vichakani, na kwetu vichaka vingi ni vya miiba.

Jioni moja mke wangu alikuja na kitabu cha tano kutoka kwao. Alikitua mbele yangu.

"Nisomee."

"Wewe si umeshakisoma?"

Alitazama sufuria. "Nilisoma ukurasa wa kwanza. Nikaona mlima, nikaacha."

Nilimtazama kwa muda mrefu, jambo ambalo kwa kawaida siliwezi. "Na kule kufa?"

"Kwani hafi?"

"Sijui. Sijasoma."

"Basi soma tujue kama nilisema kweli."

Nikaanza kumsomea kila jioni, naye akipika. Hatukuwa tumefika mbali tuliposikia mtu ameketi nje, upande wa pili wa ukuta, karibu na jiwe la kusagia. Mke wangu akachungulia mlangoni. Alikuwa mama yake, ameleta mlenda, na kikapu chake cha kusuka kilikuwa mapajani. Hakuingia, na hakuuliza neno. Mimi nikashusha kitabu.

"Mwambie mumeo nimekuja kupumzika miguu," akasema nje. "Kama alikuwa na shughuli yake, na aendelee."

"Anasema uendelee," akasema mke wangu kutoka mlangoni, mahali ambapo aliweza kutuona sote wawili.

"Nimesikia."

"Anasema amesikia, mama."

Ikawa ndiyo kawaida. Kila jioni mlenda ulikuja, na miguu ikahitaji kupumzishwa. Ukuta ulikuwa mzuri kuliko kitabu. Nyuma yake ningeweza hata kusimama. Nilinguruma mpaka kuku wakahama. Mama aliuliza maswali yake kupitia kwa mke wangu, nami nikajibu kupitia kwa mke wangu, ugali ukaungua, na hakuna aliyelalamika.

Tukafika pangoni. Nilijua tunakoelekea, nikasoma polepole kuliko nilivyowahi. Fundi wa kufuli anafika mlangoni, mchovu, hana mwenzake hata mmoja aliyebaki. Joka limelala, na ubavu wake uko wazi, chini ya bawa. Nje, kikapu kilikuwa kimya. Fundi anautazama ubavu ule. Kisha anaketi chini palepale mlangoni, anasema jina lake na la mzee aliyemlea, na anauliza kama anaweza kupita. Joka linafungua jicho moja. Halisemi kitu. Linajisogeza kidogo, kama mtu anayempisha mgeni kwenye mkeka, na kutoka chini yake maji yanaanza kutembea.

Nilisoma mpaka mwisho wa sura. Mke wangu alikuwa anachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

"Kwa hiyo hakufa," akasema mama nje.

Nikafunga kitabu.

"Binti yangu."

"Abee, mama."

"Wale ng'ombe waliokuja kwa baba yako wako wapi?"

"Wako zizini, mama."

"Wamezaa?"

"Wawili wamezaa."

Tukasikia kikapu kimeanza tena kusukwa. "Basi mahari hairudishwi tena," akasema. Sikuweza kumwona, na sheria inanikataza kudhani, lakini sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayejizuia kitu mdomoni. "Mwambie mumeo ameoa mwongo."

Mke wangu akageuka, uso wake umeiva kwa moto. "Anasema umeoa mwongo."

"Mwambie mama nashukuru," nikasema.

Hilo mke wangu hakulipeleka nje. Hapakuwa na haja pia. Ukuta wetu ulikuwa wa fito na udongo tu.